Aliyechimba Kisima cha Nambulu

Barua zenu tatu zimenifikia kwa mkupuo mmoja, na zote zinauliza jambo lile lile: ilikuwaje mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwenye darasa la akina mama kumi na wanne na ubao uliopasuka katikati, akafunga safari ya Dar es Salaam mwezi wa mvua ili kumhoji bibi mmoja wa Kariakoo. Agnes, umesikia kwamba nimefukuzwa kazi. Sikufukuzwa. Mwajuma, umesikia nilikamatwa. Nako sikukamatwa, ingawa ilibaki kidogo. Nawaandikia nyote kwa pamoja, nilivyoona mwenyewe.

Kijiji chetu cha Nambulu kiko pale kilipo kwa sababu ya kisima. Watu walipohamishwa kutoka walikokuwa wametawanyika, waliletwa penye maji. Mwaka huu kisima kilikuwa kinawekewa pampu na kujengewa simenti, na Katibu wa kijiji, Bwana Mnali, akaandika historia fupi ya kusomwa siku ya uzinduzi na kufundishwa shuleni. Aliandika kwamba kisima kilichimbwa kwa amri ya marehemu baba yake, aliyekuwa jumbe wakati wa mkoloni. Jina la baba yake ndilo lingechorwa kwenye simenti.

Mimi niliichukua historia ile nikaiandika ubaoni kama zoezi la kusoma. Wakaisoma neno kwa neno, kwa kukokota. Mwishowe Bi. Esha, mkubwa wao kwa umri, akaweka chaki chini na kusema kwamba jumbe ndiye aliyekataza kisima kisichimbwe. Walichimba wanawake, mwaka wa ukame, waume zao wakiwa kwenye mashamba ya mkonge. Aliyewaongoza ni Somoe Chikoti, na Somoe yu hai, anaishi kwa binti yake Kariakoo. Nilimwomba Bi. Esha aeleze yeye mwenyewe, nami niandike. Akakataa. Alisema wakati huo alikuwa kijana sana, mambo mengi hayakumbuki, na Katibu angeyaita majungu ya kijijini.

Nikaenda kwa Katibu kuomba barua ya utambulisho. Akaniambia historia imeshaandikwa, nirudi darasani. Nikamwambia basi nitakwenda bila barua. Akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonibebea mzigo wangu hadi barabarani.

Nambulu hadi Lindi, juu ya magunia ya korosho

Nilikuwa na madaftari mawili, kanga mbili, nauli aliyonipa Bi. Esha ili nikamsikilize Somoe mwenyewe, kifurushi cha mihogo mikavu kutoka kwa akina mama, na redio kaseti niliyoazimwa na nesi wa zahanati. Nesi alinionya betri ni mpya, na hatapata nyingine mwaka huu, nami niape kwamba sitaiwasha mpaka nimefika kwa huyo bibi. Nikaapa.

Lori la korosho lilinichukua na kunipandisha juu ya magunia pamoja na mama mmoja aliyekuwa na bata wawili. Mvua ilitukuta kabla ya kufika Mtama. Mama yule akaivua kanga yake ya juu akafunika bata, nami nikaifunika mashine kwa ya kwangu, tukalowa wote wawili huku mizigo yetu ikiwa mikavu. Aliniuliza nimebeba nini hata nikione bora kuliko kichwa changu. Nikamweleza. Akasema kwao nako kuna mambo yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwepo, na kama nikimaliza kwetu nipite na kwao.

Njiani niliandika maswali yangu. Mnakumbuka tulivyofundishwa: anza na mepesi, panga kwa mfuatano, mazito yaje mwisho. Niliandika kumi na nane. La kwanza kabisa lilikuwa: ndani ya nyumba hii wanaishi watu wangapi, na wanafanya kazi gani? Niliona ni la kumchangamsha mtu. Mtaona lilinifanya nini.

Mto Rufiji, siku mbili na nusu

Kutoka Lindi nilipata basi, na basi likatufikisha mtoni likakwama. Kivuko kilikuwa kimeharibika. Fundi alikuwa anatoka Utete, au alikuwa ametumwa mtu kumwita kutoka Utete, ilitegemea umeuliza nani. Abiria tulilala ndani ya basi, mchana tukikaa chini ya magari. Wanawake wa pale waliuza kambare wa kukaanga na wali wa nazi, na siku ya kwanza nilikula nikashukuru Mungu. Siku ya pili walituona hatuna pa kwenda, kambare akawa mdogo zaidi na bei ikawa kubwa.

Ilipofika jioni ya siku ile, dereva akaona redio yangu. Kulikuwa na mpira Dar es Salaam, na magari yaliyokwama yalikuwa zaidi ya kumi. Wakaja kuniomba kwa heshima, wazee kwa vijana, wakaniita dada, wakaniita mama, wakaniita mwalimu. Nilikataa mara tatu. Ya nne nikawasha. Nikajiambia ni kipindi kimoja tu. Baada ya mpira wakataka taarifa ya habari, na baada ya habari salamu za wagonjwa, kwa kuwa mzee mmoja alikuwa na mwanawe hospitalini. Asubuhi sauti ya mashine ilikuwa imeanza kukokota kama mtu anayesinzia. Wakanishauri nizianike betri juani, nami nikazipanga juu ya boneti kama dagaa. Zilipata nguvu ya dakika chache zikafa moja kwa moja.

Hakuna wa kumlaumu. Kiapo kilikuwa changu. Kivuko kilipotengemaa, nilivuka nikiwa na mashine iliyokufa na maswali kumi na nane.

Kariakoo, mlango wa kwanza

Nilishuka nikiwa nimevimba miguu. Nilikuwa nimeelezwa nyumba iko nyuma ya lile soko jipya lenye paa la zege kama miavuli mikubwa, mtaa wa pili, penye mlango wa kijani. Foleni ya sukari ilikuwa imezunguka kona, na penye nafasi za watu waliokwenda kupumzika yamewekwa mawe na vikapu. Niliuliza njia kwa aliyekuwa mwisho wa foleni. Alinijibu kwa kifupi bila kugeuka, akiogopa jiwe la mwenzake lisije likasogea.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ni nyumba kama zote za pale, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake, na uani nyuma. Nilipiga hodi, nikakaribishwa. Nikasimama ukumbini na daftari mkononi, nimevaa kile kitambulisho changu cha kisomo kifuani ili nionekane mtu rasmi, nikauliza swali langu jepesi.

Vyumba vikafungwa kimoja baada ya kingine. Nilisikia mtu anarukia uani. Akabaki mwanamke mmoja mnene mwenye unga mikononi, ambaye baadaye nilijua ni Hadija, binti wa Bi. Somoe. Akaniambia hapo hapana wengi, wote wana kazi, na kadi zao wameziacha kazini. Nikasema mimi namtafuta Bi. Somoe Chikoti. Hakupepesa jicho. Akasema Bi. Somoe amefariki, mwaka wa pili sasa.

Niliketi barazani. Sikujua kwamba wiki ile mjini walikuwa wanasakwa wasio na kazi, wanapakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini, wala sikujua kwamba anayeingia nyumba za watu na daftari na kuuliza nani anafanya nini ndiye wanayemkimbia. Mimi nilijua tu kwamba nimechelewa miaka miwili. Nikaanza kusema peke yangu, kwa Kimwera, kama mtu asemavyo akiwa amechoka: kwamba nitawaambia nini wale akina mama, na kwamba jumbe ameshinda.

Kutoka ndani ikanijibu sauti ya kikongwe, kwa Kimwera hicho hicho, ikiuliza ni jumbe gani huyo aliyeshinda.

Alitoka akishika ukuta. Ni mfupi, mweusi tii, macho yamefunga ukungu lakini shingo imesimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mimi ni wa nani, nikamtajia mama yangu na bibi yangu mpaka akaridhika. Kisha akamgeukia binti yake na kumwambia kwamba akitaka kumzika asubiri kwanza afe. Hadija alicheka kwa aibu, akaniletea ugali wa yanga, yaani ule wa mahindi ya njano, na mchicha. Nilikula wote.

Bi. Somoe alikubali kuzungumza, lakini kesho yake. Nilipomwambia mashine haina betri na nitaandika kwa mkono, akakataa. Alisema maandishi yangu Katibu atasema nimeyatunga. Anataka yule mtoto wa jumbe aisikie sauti yake.

Gerezani, kwa fundi

Basi asubuhi nikaanza kusaka betri. Madukani Kariakoo waliniangalia kana kwamba nimeulizia nyama ya twiga. Nikatumwa Ilala, kwa mtu aliyesemekana anazo chini ya meza. Nilipofika alikuwa amehama, na jirani yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni askari. Nikarudi kwa miguu kupitia Mchikichini, jua limewaka, mashine begani, nikizidi kukasirika badala ya kukata tamaa.

Mtaa wa Gerezani, karibu na reli, nilimkuta fundi mmoja anaitwa Athumani, mtu mzima, amezungukwa na redio zilizofumuliwa. Nilimweleza shida. Akasema betri hana, na angekuwa nazo asingeniuzia, angewasha redio yake. Lakini akaiangalia mashine, akauliza ninataka kurekodi nini. Nilimwambia ni bibi aliyechimba kisima. Akauliza ni bibi wa serikali? Nikasema ni bibi wa Kariakoo. Akasugua waya kwa kisu, kisha akaniambia mama yake alibeba kokoto za reli hii hii akiwa na mimba yake, na katika picha zote za ufunguzi hayupo.

Akachukua betri ya gari, kuukuu, akaunganisha waya kwenye vyumba vitatu tu vya asidi kati ya sita vilivyomo ndani yake, akinieleza kwamba nikiunganisha vyote mashine itaungua. Mashine ikazunguka. Alikataa malipo, ila alidai aje mwenyewe kesho kusimamia betri yake. Alfajiri yake tuliibeba kwa zamu hadi mlango wa kijani, asidi ikanitoboa gauni mahali pawili.

Uani kwa Bi. Somoe

Tulikaa uani asubuhi hiyo, Hadija akichoma vitumbua upande mmoja, fundi akiwa amechuchumaa kando ya betri yake kama mkunga. Ndipo akaingia balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mkali, alikuwa na hofu. Alitaka kuona kibali changu cha kuhoji watu. Nilimwambia sina. Barua ya kijiji je? Sina. Akasema basi mazungumzo hayawezi kufanyika, na mimi nimfuate ofisini nikajieleze. Nilisema siendi mpaka nimemaliza, maana nimelala siku mbili mtoni kwa ajili ya saa hii. Sikunyanyuka.

Bi. Somoe akauliza nani anaongea. Alipoambiwa, akasema:

"Mimi naongea uani kwangu na mtu wa kwetu. Ukitaka kunifunga mdomo, kibali kakitafute wewe."

 Balozi akaomba kigoda, akasema atasikiliza ili ajue cha kuandika akiulizwa. Hadija akampa na kitumbua.

Nilibonyeza kitufe nikasoma swali langu la kwanza lililorekebishwa, kuhusu mchango wa akina mama katika maendeleo ya Nambulu. Bi. Somoe akauliza mchango wa nini, walichangishwa? Nikajaribu la pili. Akaniambia nisome yote kumi na nane mara moja, nimalize, kisha nikae kimya. Nikaliweka daftari chini. Nikamwuliza tu: siku ya kwanza mlianzaje?

Hapo akafunguka. Alieleza jinsi walivyokuwa wakitembea tangu alfajiri kufuata maji ya matope. Jumbe aliwakataza kuchimba kwa sababu yeye alikuwa na kisima chake, na anayechota pale alilima shamba la jumbe siku nzima. Wakachimba hivyo hivyo, wanawake tisa, kwa majembe ya palizi, udongo wakiutoa kwa vyungu. Aliwataja tisa wote kwa majina. Jumbe alituma watu wafukie. Wanawake wakaingia shimoni wakakaa, wakasema wafukiwe nao. Balozi aliacha kutafuna.

Nikafurahi, nikafanya kosa. Nikasema, "Kwa hiyo mlichimba peke yenu, bila mwanaume hata mmoja."

Akanyamaza. Nilitaka kujaza ule ukimya, fundi Athumani akaniinulia kidole nisiseme. Ilisikika kaseti tu ikizunguka.

Bi. Somoe akasema, polepole, kwamba mwanaume alikuwepo. Jina lake Nantimba, mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye chale usoni, aliyekuwa akiishi pembeni ya kijiji na kuchonga miko. Yeye ndiye aliyejua kusoma udongo. Yeye ndiye aliyeshuka walipofika kwenye mwamba, wakati wao wamekata tamaa, akaupasua kwa moto na maji kwa siku nyingi. Maji yakatoka. Miezi michache baadaye homa ikaingia, akafa mtoto wa kwanza wa Esha. Esha akasema Nantimba ameloga maji. Watu wakamchomea kibanda, akaondoka na mtoto wake mgongoni, na tangu siku ile hakutajwa tena.

"Homa ilikuwepo na vijiji ambavyo Nantimba hakuvikanyaga," alisema. "Nilijua. Nilikuwa mkubwa wao, nikasimama mlangoni kwangu nikatazama moshi. Hilo nalo liandike."

Nikamwambia, nikichagua maneno, kwamba Bi. Esha ndiye aliyenituma. Nauli niliyokuja nayo ni yake.

"Basi mpelekee," akasema. "Ukilitaja jina langu, na la Nantimba ulitaje. Ukiona la kwake zito kubeba, yaache yote mawili hapa uani."

Kaseti ilipofika mwisho ikajifunga yenyewe. Balozi aliinuka, akasema yeye hakuona mashine yoyote. Hadija alinifungia vitumbua vya njiani, na fundi akabeba betri yake peke yake kurudi Gerezani, bila kuniaga vizuri, maana alikuwa akifuta macho.

Kurudi Nambulu

Kivuko kilikuwa kizima safari hii. Laiti kingeharibika. Nilikuwa nimetumwa kuleta ushindi, na nilichobeba kilikuwa ushindi na kitu kingine ndani yake.

Sikungoja mkutano wa uzinduzi. Nilikwenda kwa Bi. Esha. Umeme hatuna, na mashine ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo nilimsomea kile nilichonakili neno kwa neno nikiwa Lindi, nilikoazimwa redio kaseti ya umeme nikaisikiliza kaseti. Alisikiliza akichambua mbaazi. Nilipofika kwa mtoto, mikono ikasimama.

"Nilikutuma ukalete kisima," alisema. "Sikukutuma ulete maiti."

Nikamweleza sharti la Bi. Somoe. Akaniomba nisisome kabisa, hata la Somoe, bora jumbe achukue. Nilimwambia kwa adabu yote niliyo nayo kwamba nitasoma. Niligoma kwa Katibu, nikagoma kwa balozi, lakini kumgomea mama yule jikoni kwake ndiko kulikoniuma, na sikulala vizuri hadi siku ya mkutano.

Siku yenyewe Katibu alisoma historia yake, ikapigiwa makofi. Nikanyoosha mkono. Alitaka kunipita, akina mama wakaanza kugonga sahani za bati walizokuja nazo kwa ajili ya pilau, mpaka Mwenyekiti akaniruhusu. Nikaweka kaseti mezani, Katibu aisikilize sauti ya Bi. Somoe akipata betri, nikasoma yote. Majina tisa. Jumbe na watu wake wa kufukia. Nantimba, mwamba, homa, moshi. Jina la Esha sikuliruka.

Katibu alisimama akiwa ametulia sana. Alisema bibi yule amezeeka akili imemtoka, na kwamba yeye amezaliwa Nambulu, hajapata kusikia habari ya mtu anayeitwa Nantimba. Akawauliza wazee: yupo aliyemsikia? Wazee wakatazama chini. Nilitazama mstari wa wanaume wenye mvi, nikajua kuna walioshika mienge.

Bi. Esha aliinuka nyuma kabisa, kanga kichwani.

"Alikuwepo," alisema. "Alitupa maji. Nilimfukuza mimi."

Akaketi. Mke wa marehemu mdogo wake jumbe, ambaye sikuwa hata na jina lake kwenye orodha, akasema naye anamkumbuka. Akafuata mzee mmoja. Katibu akafunga mkutano kabla ya pilau.

Kwenye simenti hapajaandikwa kitu mpaka leo. Katibu hawezi tena kuandika la baba yake, na kamati bado haijakubali la Somoe na Nantimba pamoja. Wamenishauri niridhike na la Somoe peke yake, ambalo ni la mama wa kwetu na halina maneno. Nimekataa. Kila kikao naipeleka karatasi ile ile yenye majina yote mawili, na kila kikao inaahirishwa. Bi. Esha hajarudi kuongea nami kama zamani. Shikamoo yangu anaiitikia akiwa anatazama pembeni. Lakini Jumatatu iliyopita alikuja darasani, akaketi mahali pake, akaniomba nimwonyeshe Nantimba linavyoandikwa. Aliliandika mara sita, la mwisho likanyooka.